Uvimbe wa Shingo Usiochanjwa



Mama zetu na dada zetu, si kila uvimbe usiouma ni wa kupuuzwa, wala si kila uvimbe ni wa kuumikwa. Sisi watu wa pwani tunaosomesha Thika tulijiwa na mama mmoja wa Ruiru, mzazi wa mwanafunzi wetu, akitaka dua na hijama. Alikuwa na uvimbe chini ya taya, miaka mitatu haumuumi, ila usiku akilala huusikia ukipwita kama moyo. Dua tulimwombea. Hijama tuliikataa, tukamsihi akapigwe picha kwanza.

Pale mshipa mkubwa wa shingo upelekao damu kichwani unapogawanyika, Mola ameweka kijinyama kama punje ya mchele, kipimacho hewa iliyomo damuni. Kwa nadra, kijinyama hicho huota kikawa uvimbe. Huonekana zaidi kwa wakaao milima mirefu yenye hewa nyepesi, kama ya Peru, nao baadhi ya watu huurithi kwa wazazi.

Mingi ya vimbe za shingo ni mitoki, rovu au kifua kikuu cha tezi. Huu wa mshipani hukua polepole, na mara nyingi si saratani. Ukiguswa husogea upande kwa upande, lakini hausogei juu na chini. Umejaa damu, kuuchanja wembe, kuuchoma sindano au kuukanda ni hatari. Ultrasaundi, kisha skani ya mishipa, huonyesha ulivyokaa.

Dawa yake kubwa ni upasuaji. Tangu mwaka 1971 madaktari huugawa daraja 3: mdogo hubanduliwa kwa wepesi, uliozingira mshipa huenda ukalazimu mshipa wenyewe kukatwa na kuungwa. Jirani yake hupita neva za sauti, ulimi na kumeza, na hofu ya kiharusi ipo. Kwa mzee au mgonjwa dhaifu, madaktari huweza kuuangalia tu au kuutibu kwa mionzi.

Mama yule, picha zilipothibitisha, hakulilia kovu. Alililia sauti, kwani ndiye asomeshaye wanawe Qur'ani. Hofu hiyo ni ya haki, na mahali pake ni mbele ya daktari wa upasuaji, kabla ya kutia sahihi. Kungoja hakuipunguzi, maana uvimbe ukikua, hatari hukua nao.

Wa Thika waanzie Hospitali ya Level 5. Wa Ruiru wana jirani Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huku Mombasa tunayo Makadara. Na aliyethibitishiwa awaambie ndugu zake wa damu wakaguliwe. Kuunga udugu si kutembeleana siku ya Idi tu. Kumtahadharisha nduguyo juu ya mwili wake nako ni kuuunga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kutafuta dawa. Basi tuitafute mapema, na shifaa tumwachie Mwenyewe.