Baluku wa Nyumba Gani?

Ita "Baluku!" katikati ya soko la Bwera, watageuka wanaume wengi. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule; kwa wasichana huanza Masika, kisha Biira, kisha Kabugho. Nyumbani mpango huo hauna kasoro. Mama akimwita Bwambale, wote uani wanajua ni nani anayeitwa.

Programu yetu ya ushirika wa kahawa, hapa Ibanda ya Kasese, Uganda, ilizaliwa kwa desturi hiyohiyo. Tulikuwa vijana wachache katika chumba kimoja, na faili zikaitwa moduli1, moduli2, moduli3. Nani angeuliza moduli2 inafanya nini, na aliyeiandika ameketi palepale? Ndani yake mlikuwa na majina kama x, y na uzito. Walimu wetu nao walipenda majina mafupi, urithi wa enzi za Fortran ya 1957, ambamo jina halikuruhusiwa kuzidi herufi 6.

Kisha kazi ikatoka chumbani. Wenzetu wengine wakahamia Kampala, mmoja akajiunga nasi akiwa Beni, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, tukawa tunakutana kwenye Git tu. Hapo ndipo uzito ulipotuletea matatizo. Karani wa mizani hupokea kahawa mbivu, nyekundu, iliyochumwa siku hiyohiyo. Mkulima mwingine huleta kiboko, yaani kahawa iliyoanikwa na maganda yake. Ghalani kuna ile iliyokwisha kumenywa na kuoshwa. Kumbuka kwamba kilo 6 hivi za kahawa mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Sasa mtu wa Beni, ambaye hajawahi kuiona mizani yetu, akikuta uzito kwenye hesabu ya malipo ashike upi? Alishika wa kiboko. Jumla ya msimu ikakataa kulingana na ghala, na wakulima wakaambiwa wasubiri fedha zao. Hilo liliniuma, maana baadhi yao walikuwa wanangojea karo.

Tukaanza kubatiza upya. Uzito ukagawanywa: uzitoMbiviKg, uzitoKibokoKg, uzitoSafiKg. Moduli2 ikawa malipoYaMkulima. Tulibadilisha jina moja kwa wakati, kila badiliko likiwekwa peke yake, ili anayekagua aone kwamba ni jina tu lililoguswa na hesabu imebaki ilivyokuwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini sijaona njia nyingine inayoaminika.

Hata Ibanda ilihitaji ubatizo. Ibanda yetu iko chini ya Rwenzori; ile ya Ankole ni wilaya tangu 2005. DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya Uganda hukusanyia takwimu, hukipa kila kituo cha afya kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na mashine haikosei. Mtu, hata hivyo, husoma jina. Kwenye orodha yetu ya vituo vya kununulia sasa pameandikwa Kasese_Ibanda.

Ubishi uliobaki ni wa urefu. Wenzetu wa Kampala wanalalamika kwamba makatoYaMkopoWaMiche linajaza mstari. Mimi nalitetea bila kurudi nyuma. Msimu uliopita kijana mgeni kutoka Bwera aliambiwa tu kwamba makato ya miche yanatozwa mara mbili. Alifuata majina, akafika mahali penyewe, akarekebisha, wala hakumpigia simu yeyote kati yetu.