Lori likikosa nguvu, tupime kwanza

Wengi mmetuuliza tunafanya nini Gatsata siku ambazo hatuko kwenye zamu ya kujitolea kambini. Jibu ni hili: tuko chini ya malori. Tuko vijana wanne, tulianza kwa kuosha vyuma na kushika tochi, sasa tunaruhusiwa kupima. Leo tuongee shida moja tu, ile inayoleta ugomvi kuliko zote pale garaji. Lori la mazutu linawasha taa ya injini, dashibodi inaandika kwamba nguvu imepunguzwa, halafu linapanda mlima kama mtu mwenye malaria.

Kwanza tuelewane. Hapo injini haijafa. Kompyuta yake imeona kipimo kimoja kimetoka nje ya mpaka, ikaamua kupunguza mafuta na upepo wa turbo ili injini isijiue. Fuso za zamani zenye pampu ya kawaida hazina mambo hayo, zenyewe zinatoa moshi tu na unajua. Lakini haya yanayobeba mizigo ya Dar es Salaam kupitia Rusumo, au ya Mombasa kupitia Gatuna, mengi yana kompyuta.

Sasa hapa ndipo kazi inapoharibika. Fundi anachomeka skana, inasoma kwamba presha ya turbo iko chini, anasema turbo imekufa, lete nyingine. Jamani, skana haijasema hivyo! Imesema upepo unaofika kwenye injini ni mdogo. Nani anauiba njiani, hilo ni la kutafuta. Labda mpira umepasuka, labda intakula ina tundu, filta ya hewa imejaa vumbi, ekzosi imeziba masizi, au sensa yenyewe inadanganya. Na mara nyingine ni turbo kweli, hatukatai.

Majuzi alikuja dereva mmoja wa safari ndefu, Mtanzania, mtu mzima. Garaji nyingine ilishamwambia anunue turbo. Bosi wake akamwambia kwa simu kwamba hela hiyo itakatwa kwenye mshahara wake. Tukamwambia, "Mzee, tupe saa moja tupime." Akasema, "Vijana, masaa ninayo, hela ndiyo sina."

Tukaanza na kitu ambacho hakihitaji hata kuwasha injini. Malori mengi ya aina hii yana sensa ya hewa ya nje na sensa ya presha inayoingia kwenye injini. Ukiweka swichi na injini imezimwa, zote mbili zinapima hewa ileile, kwa hiyo lazima zisome karibu sawa. Pale Dar, usawa wa bahari, zitaonyesha karibu 101. Huku kwetu Kigali tuko juu, hewa ni nyepesi, utaona kati ya 84 na 86. Kijana mmoja wetu siku za kwanza aliona 85 akadhani sensa ni mbovu, kumbe ni milima ya Rwanda tu. Ila moja ikisoma 85 na nyingine 60, hapo una mwongo mmoja. Za mzee zilikuwa 85 zote mbili. Sensa nzima.

Tukaangalia filta ya hewa, safi. Tukapapasa mipira ya kwenda intakula, na chini ya klipu moja kulikuwa na unyevu wa oili. Tukaziba njia, tukaingiza upepo wa kompresa taratibu kwa geji, bar 1 na kidogo (msizidishe, mtapasua kilicho kizima), tukamwagia maji ya sabuni. Povu likatoka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mpasuko ule injini ikiwa silensa umejifunga, hauonekani. Turbo ikisukuma chini ya mzigo, unafunguka kama mdomo. Ndiyo maana lori lilikuwa zima likiwa limesimama na gonjwa likiwa mlimani.

Mpira ukabadilishwa. Tukapanda naye mpaka Shyorongi, mmoja wetu kashika skana anatazama presha inayotakiwa na presha iliyopo. Zikaenda pamoja mpaka juu. Mzee hakusema kitu, alipiga honi tu.

Moshi nao unasema. Mweusi mzito wakati wa kupanda, mara nyingi mafuta yapo na hewa haitoshi, kama kwa mzee. Lori likikosa nguvu bila moshi, sisi tunaenda upande wa mazutu: tunamwaga maji kwenye filta ya chini, tunaangalia kama filta imeziba, kama kuna hewa inavutwa kwenye mpira wa kutoka tangi. Na hapa tafadhali sana wadogo zetu: kwenye injini hizi mazutu yanafika kwenye nozeli kwa presha ya zaidi ya bar 1,000. Usitafute mvujo kwa kidole. Inaingia chini ya ngozi, na hiyo ni ya hospitali, si ya kufunga kitambaa.

Malori mengi makubwa hayatoi namba kama za gari ndogo. Yanatoa mbili: ya kwanza inataja sehemu, ya pili inataja namna ya kosa. 102 ni presha ya hewa inayoingia, 157 ni presha ya mazutu. Namba ya pili ikiwa 3, 4 au 5, kosa ni la umeme, basi shika mita ufuate waya na plagi kabla ya kufungua chuma chochote. Ikiwa 18, kipimo kinasomeka vizuri ila kiko chini, hapo ndiyo utafute upepo au mazutu. Wengi wanasoma ya kwanza tu! Na kabla ya kufuta kosa, lipige picha, maana ukifuta unafuta na kumbukumbu ya hali injini iliyokuwa nayo.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Kwa sababu fundi mwenyeji akikosea, amekosea yeye. Mmoja wetu akikosea, kesho wanasema wakimbizi wa pale hawajui kazi, na kijana anayekuja nyuma yetu anafungiwa mlango.

Ndugu wa mashirika, hili ni lenu. Mnapomaliza mafunzo ya ufundi mnatupa sanduku la spana, tunashukuru. Lakini spana zinafungua tu, hazipimi. Bora spana chache na mita ya umeme, geji ya presha, na skana moja inayosoma malori ya volti 24, hata iwe ya kugawana watu kumi. Skana za bei rahisi mnazonunua zinasoma gari ndogo, kwenye malori mengi hazisaidii.

Jumamosi tutakuwa kambini baada ya zamu. Mwenye daftari aje nalo, tuna picha za namba 14 tulizokusanya garaji, tutazisoma moja moja.