Mawe ya Preah Vihear

Dereva wa bodaboda aliitazama barabara, akanitazama mimi, kisha akaniashiria nimshike kiuno. Nilidhani ananitania. Mimi ni mtoto wa Taita, milima naijua tangu nikibebwa mgongoni. Lakini ile barabara ya saruji ya kupanda Preah Vihear ilisimama mbele yetu kama ukuta, na kabla ya kona ya pili nilikuwa nimemkumbatia yule mgeni kama ndugu yangu wa damu.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa nikifundisha Kiingereza Siem Reap, na likizo ilipofika nilitaka kuona hekalu lisilo na msongamano wa watalii.

Hekalu hili lilijengwa na wafalme wa Khmer, sehemu yake kubwa katika karne za 11 na 12, kwa ajili ya mungu Shiva. Limenyooshwa mgongoni mwa mlima kwa takriban mita 800: ngazi, njia ya mawe, lango, kisha ngazi tena. Malango ni matano, na nyoka wa mawe wenye vichwa vingi wanailinda njia. Kila ukidhani umefika, kumbe bado. Mwishoni, nyuma ya patakatifu, ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa, zaidi ya mita 500, nchi ya Kambodia imetandazwa kama mkeka.

Nilikwenda kutazama mawe, nikakuta pia wanajeshi. Thailandi iko pale pale, ng'ambo ya ngazi za kwanza. Nikaketi kivulini, nikatoa simu nisome huu ugomvi ulianzaje.

Mkataba wa 1904 ulisema mpaka ufuate mgawanyo wa maji mlimani. Maafisa wa Ufaransa, waliotawala Kambodia, wakachora ramani iliyoliweka hekalu upande wao. Siam, yaani Thailandi ya leo, ilipokea ramani hiyo. Haikulalamika. Mwanamfalme mmoja alishukuru, akaomba nakala 15 zaidi za kila ramani. Miaka ikapita. Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji 9 dhidi ya 3 waliamua, mnamo Juni 1962, kwamba hekalu ni la Kambodia. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kile kimya: ulipaswa kusema, hukusema, basi ulikubali.

Nikazima simu. Upepo ulikuwa mkali, lakini jasho lilinitoka.

Si unajua jinsi mambo ya shamba yalivyo kwetu? Baba alipofariki, baba mdogo aliyasogeza mawe ya mpaka. Matuta matatu ya mama yakaenda. Mimi niliona. Nilikuwa nyumbani wiki ile, nikapita pale asubuhi, udongo ukiwa bado mbichi palipong'olewa mawe. Mama akasema, "Tunyamaze, mwanangu. Matanga hayajaisha." Nikanyamaza. Matanga yakaisha, mwaka ukaisha, mimi bado nimenyamaza. Nilijiita mpole. Kila Krismasi nilimpelekea baba mdogo sukari na majani, nikamshukuru kwa kututunzia mama.

Pale mlimani nikampigia mama.

"Mama, yale mawe ya mpaka."

Kimya. Halafu akauliza, "Uko wapi wewe?"

"Mbali. Lakini nikirudi nitasema."

"Baba yako mdogo atachukia."

"Najua, mama."

Akavuta pumzi. "Basi njoo useme nikiwa ningali hai."

Niliporudi nilikwenda kwa wazee, kisha kwa chifu, kisha akaletwa mpima ardhi. Mawe yalirudishwa. Baba mdogo hajanisalimia hadi leo, na harusini mwa binti yake sikualikwa. Hilo linaniuma, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Sitaki kudanganya kwamba kusema humaliza mambo. Baada ya hukumu ile ya 1962, risasi zililia Preah Vihear kati ya 2008 na 2011, na mwaka 2025 majirani wale wakapigana tena mpakani. Nilisoma habari hizo nikiwa jikoni kwa mama, nikakumbuka yule dereva wa bodaboda.

Mama alikuwa nje, kwenye matuta yake matatu, anapalilia maharagwe. Ng'ambo ya mawe, baba mdogo naye alikuwa akilima. Walikuwa hatua kumi tu, kila mmoja ameinama.