Siku Kumi za Likizo ya Baridi: Tulivyomwandaa Binti Yetu kwa Mtihani wa Kuingia Shule



Kila ifikapo Desemba, akina mama wenzangu hapa Portland, jimbo la Maine, huniuliza swali lile lile: "Hivi ule mtihani aliofanya binti yako ulikuwaje, na mlimwandaaje?" Kwa kuwa mdogo wake naye sasa anaufikia umri wa kuufanya, nimeona bora niandike mara moja, asome anayetaka. Sisi asili yetu ni Buyenzi, Bujumbura. Tulifika Marekani binti akiwa na miaka saba, akijua Kiswahili na Kirundi cha nyumbani na Kifaransa kidogo cha shule.

Mambo yalianza Novemba 2022. Binti alikuwa darasa la 8, na mshauri wa wanafunzi pale shuleni kwake akatuita. Akasema huyu mtoto anaweza kujaribu shule za bweni za huku New England, ambazo baadhi yake husaidia ada kwa familia zenye kipato kidogo. Ada yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Nilicheka. Mshauri hakucheka, akatupa karatasi za kujaza.

Tukachagua shule tatu. Tangu corona ya 2020 shule nyingi zilikuwa zimeufanya mtihani wa kuingia kuwa hiari, na mbili kati ya zetu hazikuulazimisha. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyosifiwa kwa msaada wa ada, iliutaka.

Kwa wasioujua, mtihani huo unaitwa ISEE. Unatolewa na taasisi inayoitwa ERB. Mwaka umegawanywa katika misimu mitatu, na mtoto anaruhusiwa kuufanya mara moja tu kwa kila msimu. Wale walioanza mapema hufanya msimu wa vuli, wasiporidhika hurudia msimu wa baridi. Sisi tulikuwa tumechelewa kuambiwa, na maombi yanafungwa katikati ya Januari au mwanzo wa Februari, kwa hiyo nafasi yetu ilikuwa moja. Tukaandikishwa Jumamosi ya tarehe 7 Januari 2023. Ada ya mtihani hatukulipa, kwani kuna msamaha kwa wenye kipato kidogo, nao unaombwa kupitia shule unayotaka kuingia. Tafadhali likumbukeni hili, maana wengi hulipa bila kujua.

Sasa nyumbani. Baba watoto hakuupenda mpango huu hata kidogo. "Mtoto wa kike wa miaka 14 akalale kwa watu? Atakula nini? Ataswali wapi? Mwezi wa Ramadhani atafuturu na nani?" Haya si maswali ya ujinga, nami nilikuwa ninayo moyoni kama yeye. Tukampigia bibi yao Bujumbura, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu. Akasikiliza pande zote mbili, kisha akasema, "Mwacheni asome. Kukubaliwa si kuondoka. Likija la kuondoka mtakaa tena." Baba watoto akanyamaza, maana kauli ya mama yake haipingi.

Shule zilifungwa kwa dhoruba. Ijumaa ya tarehe 23 Desemba upepo mkali na mafuriko ya pwani viliipiga Maine, na umeme ukakatika katika nyumba nyingi mno, yetu ikiwemo. Siku ya kwanza ya likizo, tarehe 24, tuliianza na blanketi na tochi. Umeme ulirudi jioni ya pili yake. Likizo ilikuwa mpaka Jumatatu ya tarehe 2 Januari, yaani siku kumi kamili.

Vitabu tulivyotumia ni viwili tu. Kimoja ni kijitabu cha ERB wenyewe, kinachopatikana bure kwenye intaneti, chenye maelezo na mtihani wa mfano. Kingine tuliazima maktaba ya mji. Mwalimu wa kulipa kwa saa hatukuwa na uwezo naye.

Nikakaa nikausoma mpangilio wa mtihani mwenyewe. Kwa wanaoingia darasa la 9 ulikuwa na sehemu tano. Ya kwanza ni ya maneno: maswali 40 kwa dakika 20, yaani nusu dakika kwa swali. Ya pili ni kufikiri kwa hesabu: maswali 37 kwa dakika 35. Ya tatu ni kusoma na kuelewa: maswali 36 kwa dakika 35. Ya nne ni hesabu zenyewe: maswali 47 kwa dakika 40. Ya mwisho ni insha ya dakika 30, ambayo haipewi alama bali hutumwa kwa shule waisome kama ilivyo. Kikokotoo hakiruhusiwi. Na jibu likiwa la makosa hupunguziwi kitu, kwa hiyo mtoto asiache swali hata moja wazi.

Huku Desemba siku ni fupi sana. Jua huchomoza saa 1 na robo asubuhi, na Maghrib huingia saa 10 na dakika kumi hivi. Mgeni hulalamika kwamba siku imekwisha kabla haijaanza, lakini kwetu ufupi huo ulitupangia ratiba wenyewe. Mimi hufanya kazi ya kuhudumia wazee zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani. Saa 3 mpaka saa 5 na nusu tulisoma: siku moja ufahamu, siku moja hesabu, saa iliyowekwa mezani ikihesabu dakika. Kisha Adhuhuri, chakula, na kutoka nje kwenye theluji na wadogo zake. Hilo la kutoka nje sikulifuta hata siku moja, kwa sababu mtoto si mashine. Nikiondoka kwenda kazini, ilibaki zamu ya baba.

Na hapa ndipo penye habari yenyewe.

Baba watoto anafanya kazi kiwanda cha kusindika samaki. Anatoka alfajiri, anarudi saa 9 alasiri. Kiingereza chake ni cha kazini. Tangu tumefika huku, kila likija jambo la shule husema, "Muulizeni mama yenu." Watoto walikuwa wameshazoea, na naweza kusema walikuwa wameanza kumwona kama mtu asiyejua. Mzazi aliyehamia nchi ya watu atanielewa.

Sehemu iliyomshinda binti ilikuwa ya maneno. Si Kiingereza cha kuzungumza, hicho anacho kuliko sisi sote. Ni maneno ya vitabuni, ambayo watoto wa nyumba zenye makabati ya vitabu huyasikia mezani. Jioni ya tatu alikuwa na orodha yake, akisoma kwa sauti huku amekata tamaa: "Arid. Tardy. Verdant." Baba yake alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Hilo la kwanza maana yake ni kavu?" Binti akageuza karatasi, akaona ndiyo. "Umejuaje, Baba?" Akamjibu, "Kwa Kifaransa ni aride. Na hilo la pili ni la kuchelewa, kwa sababu tard ni kuchelewa. La tatu lina vert ndani yake, basi ni kijani."

Nilisimuliwa haya usiku niliporudi. Nilimkuta binti hajalala, ana karatasi yenye safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Maneno mengi magumu ya Kiingereza yamekuja kutoka Kifaransa na Kilatini, na baba aliyesomeshwa kwa Kifaransa Bujumbura alikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo bila mtu kumuuliza. Kuanzia jioni ile, kila baada ya Maghrib walikaa pamoja. Maneno 15 kwa siku, na ya jana yalirudiwa kwanza.

Likaja na suala la hesabu. Watoto wa huku wamezoea kikokotoo. Baba yake alisomea ubao na chaki, jedwali la kuzidisha alilishika kwa fimbo, na kugawanya kwa mkono kwake ni kama kufunga kamba za viatu. Akamfundisha kukadiria jibu kabla ya kulitafuta, na kufuta majibu mawili yasiyowezekana kwanza. Fimbo hakutumia, alhamdulillah.

Tulifanya mtihani mzima wa majaribio mara mbili, tarehe 29 na tarehe 1, kwa saa na kwa kimya, wadogo zake nikawapeleka kwa jirani. Mara ya kwanza maswali tisa ya hesabu hayakufikiwa. Mara ya pili yalibaki mawili, naye akayajaza kwa kubahatisha kama tulivyomwelekeza.

Siku ya mtihani ni baba yake aliyempeleka. Mimi nilibaki kwenye mswala.

Matokeo yalipokuja binti alilia. "Mama, maneno nimepata 48!" Akadhani ni 48 kati ya 100, yaani kafeli. Wazazi, lielewe hili kabla ya siku hiyo. Namba ile si alama. Maana yake ni kwamba amewapita watoto 48 katika kila 100, na watoto wenyewe ni wale tu waliofanya mtihani huo kwa ajili ya shule za namna hii katika miaka mitatu iliyopita. Pia kuna daraja la 1 mpaka 9, ambapo 4, 5 na 6 ni za kati. Binti alipata 5 katika maneno na 7 katika hesabu. Mtoto aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka saba amesimama katikati ya watoto waliozaliwa nacho. Baba yake alimweleza hivyo, kwa Kiswahili, polepole.

Majibu yalitoka Ijumaa, tarehe 10 Machi. Shule moja ilimkataa, moja ikamweka kwenye orodha ya kusubiri. Ile ya tatu ilimkubali, na msaada waliotoa ulibakiza dola 9,000 kwa mwaka juu yetu. Tulikuwa na muda mpaka tarehe 10 Aprili. Tukaomba waongeze, wakasema kwa upole kwamba fungu limekwisha.

Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Baada ya futari baba watoto alikuwa akikaa na karatasi, yeye aliyekuwa hataki, anapiga hesabu za zamu za ziada. Mkopo ulikuwepo, lakini wenye riba, na hilo tulikubaliana wote wawili kwamba hatuliingii. Kukopa kwa ndugu miaka minne mfululizo kungewaumiza. Tukampigia tena bibi, tukakaa kama alivyosema. Tukamwita binti, tukamwonyesha namba zote bila kuficha. Tukaiachia ile nafasi.

Sitawadanganya kwamba hakuumia. Alikaa karibu wiki nzima haongei zaidi ya salamu, nasi tulimwachia nafasi yake. Septemba 2023 alianza sekondari ya serikali hapa mjini, na kwa zile hesabu aliingizwa darasa la juu la somo hilo. Mpaka leo akikwama neno haji kwangu. Humwendea baba yake.

Basi wapendwa, msimu huu tunaanza tena, na safari hii tumeanza Septemba ili nafasi ziwe mbili. Kwenu wenye watoto wa umri huu nawashauri: ulizeni mapema, ombeni msamaha wa ada, na kabla ya kuomba shule ulizeni wazi ni kiasi gani kitabaki juu yenu. Na yule mzazi anayesema hana la kumfundisha mtoto kwa sababu hakusomea Kiingereza, mkaribisheni mezani hata kama anakunywa chai tu.