Usiku Mmoja Katika Mlima Kenya

Msafiri atokaye Nyeri kwenda Nanyuki asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, huona upande wake wa kuume vilele vyeusi vyenye ncha kali vikisimama juu ya misitu. Kilicho kirefu kupita vyote ni Batian, futi 17,057, na jirani yake ni Nelion. Hivyo viwili ni vya watu wenye kamba na ujuzi wa kupanda majabali. Lakini kando yao kipo cha tatu, Lenana, chenye futi 16,355, nacho mtu mwenye afya njema aweza kukifikia kwa miguu yake, mradi mlima wenyewe umkubalie.

Majina hayo matatu ni ya malaibon wa Kimasai: Mbatian, nduguye Nelieng, na mwanawe Lenana. Aliyevipa vilele majina hayo ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika juu ya Batian mwezi wa Septemba 1899 pamoja na waongozaji wawili wa milima kutoka Ulaya. Mizigo yao ilibebwa kutoka Nairobi na wapagazi, Wakikuyu na Waswahili. Lakini zamani kabla yake Wakikuyu waliuita mlima huo Kirinyaga, na wazee wao waliuelekea walipomwomba Mungu.

Januari moja, wakati wa kiangazi, marafiki wawili waliosoma pamoja walikutana Naro Moru ili waupande. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule karibu na Nyeri, mtu aliyeuona mlima kila siku tangu utoto wake kutoka mlangoni pa mama yake. Wa pili alikuwa karani wa bandarini Mombasa, ambaye katika maisha yake hakupata kuona maji yakiganda nje ya nyumba. Karani alikuwa ameweka akiba miaka miwili kwa ajili ya safari hiyo, naye likizo yake ilikuwa siku chache tu.

Mwalimu hakuacha kumtania mwenziwe. "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa madafu," alisema. "Baridi ya huku itakurudisha pwani kabla ya jua kuchwa."

"Tutaona, bwana," karani akajibu, akaendelea kufunga mzigo wake.

Walimwajiri mzee mmoja wa Naro Moru awaongoze, pamoja na kijana mpagazi. Siku ya kwanza walipita msituni, penye mierezi mikubwa na mianzi iliyofungamana, wakalala penye Kituo cha Hali ya Hewa, kiasi cha futi 10,000 juu ya bahari. Siku ya pili msitu ukaisha, wakaingia katika kinamasi chenye mteremko mkali, ambamo mguu huzama kila hatua. Hapo mwalimu alitangulia kwa haraka, akiwaita wenziwe kwa kelele. Mzee akamwambia, "Mwalimu, mwenda pole hajikwai. Mlima hauhami." Mwalimu akacheka, asipunguze mwendo.

Baada ya kinamasi huja Bonde la Teleki, mahali pasipofanana na pengine popote chini. Mimea ambayo jamaa zake huku kwetu ni magugu ya kufika magotini, kule huwa miti yenye shina nene na kichwa cha majani makubwa kama kabichi. Nyingine hufunga majani yake usiku ili kuukinga moyo wake na baridi, na kuyafungua tena jua lichomozapo. Pimbi hukaa juu ya mawe wakiwatazama wageni bila hofu. Katika bonde hilo, karibu futi 14,000, ipo kambi iitwayo kwa jina la Mackinder, na hapo ndipo walipofika alasiri.

Walipopewa chakula cha jioni karani alikula ugali wake wote. Mwalimu aligusa kidogo, akasema ameshiba. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu kinamasini, lakini baada ya maneno yote aliyoyasema aliona haya kulitamka jambo hilo. Akajilaza, wala usingizi haukuja.

Saa nane na nusu ya usiku mzee aliwaamsha. Wakanywa chai, wakavaa kila nguo waliyokuwa nayo, wakatoka, mpagazi akabaki kulinda mizigo. Mwezi ulikuwa umekwisha kutua, na nyota zilikuwa nyingi ajabu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, zikavunjika chini ya viatu kama vioo. Walipanda kimya, kila mmoja akifuata duara la mwanga wa tochi yake, kwenye mteremko wa kokoto ambapo hatua mbili mbele huleta moja nyuma.

Baada ya saa mbili hivi karani alisikia nyuma yake kokoto zikiporomoka. Mwalimu alikuwa ameketi. Alitapika, kisha akainuka, na alipotaka kutembea aliyumba kama mlevi. "Ni tumbo tu," alisema. "Twendeni." Mzee alimmulika usoni, akamwambia anyoshe hatua kumi kwa mstari mmoja. Hakuweza hata nne.

"Huyu lazima ashuke sasa hivi," mzee alisema. "Si kukipambazuka. Sasa."

Ugonjwa huu wa mlimani hauchagui mtu wa baridi wala mtu wa joto, mwenye nguvu wala mnyonge. Hewa ya juu ni nyepesi; kileleni Lenana mtu apata kidogo zaidi ya nusu ya hewa apatayo Mombasa. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea, na yule apandaye upesi hujiweka hatarini zaidi. Kuumwa kichwa ni onyo la kwanza. Mtu akianza kuyumba, ubongo wake umeanza kuvimba, na akizidi kupanda aweza kufa. Dawa iliyo bora kuliko zote ni kushuka.

Mwalimu alimshika karani mkono. "Ndugu, wewe nenda. Mimi nitaketi hapa niwangoje." Karani aliinua macho. Mashariki palianza kupauka, na umbo la Lenana lilionekana wazi, karibu kiasi cha kumdanganya mtu kwamba ni hatua chache. Aliifikiri ile miaka miwili ya akiba. Kisha akatwaa mzigo wa mwenziwe, akaubeba juu ya wake. "Tulikuja wawili," alisema. "Haya, nishike bega."

Walishuka polepole, mzee mbele na mgonjwa katikati. Walipofika ukingoni mwa bonde jua lilichomoza, na majabali ya Batian na Nelion yakageuka mekundu kama makaa. Walisimama kidogo kutazama, kisha wakaendelea, wala hawakupumzika kambini ila muda wa kuchukua mizigo na kumchukua mpagazi. Alasiri, penye Kituo cha Hali ya Hewa, mwalimu aliomba chakula. Kichwa kilikuwa kimetulia.

Hao si wa kwanza kumpima rafiki na kilele katika mlima huo. Januari 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitalia, walitoroka kambi yao ya Nanyuki ili kuupanda. Mmoja wao alikuwa mgonjwa, akabaki katika hema yao mlimani. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walifika Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kwa mwenzao, na wote watatu wakajirudisha kifungoni.

Atakaye kupanda asikawie miaka mingi, kwani mlima wenyewe hauhami lakini barafu yake yatoweka. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ilipoteza kama sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini pia asiende kwa pupa. Na aongeze usiku mmoja au mbili njiani, na aseme mapema kichwa kinapomwuma.

Jioni ile, wakiota moto, mwalimu alikaa kimya kitambo kirefu. Halafu akasema, "Januari ijayo mimi nitalipa gharama zako zote."

"Vema," karani akajibu. "Na utatembea nyuma yangu."

"Nitatembea nyuma ya mzee," mwalimu alisema, na mzee akacheka, akasukuma kuni motoni.