Akihabara: Mtaa wa Wakubwa na Wadogo

Mgeni ashukaye katika stesheni ya Akihabara, mjini Tokyo, hulakiwa na taa za rangi na mabango marefu kama maghorofa. Lakini mtaa huu haukuanzia ghorofani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wachuuzi waliuza vipuri vya redio kando ya barabara. Walipopigwa marufuku mwaka 1949, wengi wao walihamia chini ya daraja la reli, katika vibanda vyembamba vilivyojaa nyaya, skrubu na swichi.

Mwaka 1976 kampuni kubwa ya NEC ilifungua kituo chake katika jengo la Radio Kaikan, ili kuwahudumia wanunuzi wa TK-80, kompyuta iliyouzwa vipande vipande, mnunuzi aiunge mwenyewe. Tangu hapo mkubwa na mdogo wamekuwa majirani: huku kompyuta za mezani za makampuni mashuhuri, kule maduka yanayomuundia mteja kompyuta kwa mahitaji yake.

Je, ndugu msomaji, mwenye akiba ya familia mkononi amwendee nani?

Kampuni kubwa hutoa dhamana ya maandishi, na mashine zake hufanana, jambo lifaalo shule na ofisi. Hata hivyo, baadhi ya makampuni hayo huunda bodi kuu na kifaa cha kugawa umeme kwa umbo lao wenyewe. Kimoja kikiungua, cha duka la jirani hakiingii. Fundi mdogo aghalabu hufuata vipimo vya ATX, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, hivyo vipuri vya watengenezaji mbalimbali huoana. Udhaifu wake ni kwamba dhamana yake ni yeye mwenyewe: akifunga duka, nayo imekwisha.

Wala ukubwa si kinga. Compaq, iliyokuwa miongoni mwa vigogo, ilimezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002. IBM nayo iliiuzia Lenovo biashara yake ya kompyuta binafsi mwaka 2005.

Basi mnunuzi, awe Akihabara au Kariakoo, asitangulize kuuliza jina lililobandikwa kwenye kasha. Aombe kasha lifunguliwe, aulize kama vipuri vyake ni vya vipimo vya kawaida, kisha ajue ni fundi gani wa karibu na nyumbani atakayeitengeneza. Wachuuzi wa chini ya reli walijipatia riziki kwa ukweli huo tangu enzi za redio: mashine hudumu pale kipuri chake kinapopatikana.