Kati ya Ngapi?

Vijana wakibishana mpira siku hizi hushika simu. Sisi tulishika redio. Tulioijua Simba ikiitwa Sunderland, kabla ya 1971, mechi nyingi tuliziona kwa mdomo wa mtangazaji: akisema winga kachoka, basi kachoka; akimwita beki uchochoro, jina lilimganda hadi anatundika daluga. Timu ikifungwa, mkosaji alijulikana kabla watu hawajatoka uwanjani: mwamuzi, mganga, au kipa aliyehongwa.

Mjukuu wangu hamtaji mganga. Hunionyesha mchoro wa uwanja wenye vidoa, kila kidoa shuti moja, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo nafasi ilivyokuwa nzuri zaidi. Wanaita mabao yanayotarajiwa. Maelfu ya mashuti yaliyowahi kupigwa kutoka mahali kama hapo yamehesabiwa, ikaonekana ni mangapi yaliingia. Penalti hupewa zaidi kidogo ya robo tatu ya bao. Shuti la mita thelathini huambulia punje. Hesabu hii naipenda. Kizazi chetu kilifukuza makocha chungu nzima kwa kosa la mwamba wa goli.

Lakini kuna jambo ninawadai vijana, nalo linaanzia kwa Mwingereza mmoja, Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga. Machi 1950, akiwa uwanjani Swindon, alitoa daftari na kalamu akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea miaka na miaka. Mwaka 1968, pamoja na mtakwimu Bernard Benjamin, alichapisha matokeo yake: takribani asilimia 80 ya mabao yalitokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Kwake jibu likawa wazi: pasi nyingi za nini? Piga mbele. Wapo makocha wa Uingereza waliomfuata.

Daftari halikuwa na kosa. Ila katika hesabu zake mwenyewe, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa ya pasi tatu au pungufu, kwa sababu mpira hunyang'anywa upesi. Basi yale machache ya pasi nyingi, yasiyofika hata kumi katika mia, ndiyo yaliyoleta karibu bao moja katika kila matano. Mtu aliyehesabu kwa uaminifu kuliko wote wa zama zake hakuuliza kati ya ngapi.

Vijana wetu nao hawaulizi. Mchoro wa mechi moja ya watani wa jadi unatosha kumcheka jirani wiki nzima, na wengine huujengea mkeka wa kubeti, hela ya unga ikaenda. Mechi moja ina mashuti mangapi hata yasimamishe hukumu?

Juzi mjukuu alijitapa kwamba timu yake ilimiliki mpira kwa asilimia 64. Nikamkumbusha Leicester City, bingwa wa Uingereza 2016, iliyokaa na mpira chini ya nusu ya muda. Tena nikamuuliza: ulimilikiwa wapi? Akanuna, akapekua, akaja na mchoro mwingine. Pasi nyingi zilikuwa za mabeki wawili wa kati wakirudishiana. Alinionyesha mwenyewe, ingawa ulimuumbua. Katika ujana wangu kijiweni, sikumbuki hata mmoja wetu aliyeleta ushahidi wa kuiponza timu yake.